Barua ya Mwalimu Iliyokaa Mkobani Mwangu

Tanga, Jumapili, Novemba.

Mawingu tangu alfajiri, na mvua haijaamua. Nguo nimezianika mara mbili na kuzianua mara mbili, na mara zote mbili jirani yangu alikuwa amesimama dirishani anaangalia kichekesho cha bure. Mara ya tatu nimeziacha kambani. Nimekaa kibarazani, chai imepoa. Mbele yangu kuna kalamu na karatasi moja ya ofisini ambayo haina tarehe.

Siku nimeiandika hapo juu kabla ya neno jingine lolote. Ni mazoea ya darasa la tatu. Mwalimu wetu alitaka tarehe kwanza, kisha jina, ndipo kazi. Aliyeanza kazi bila tarehe alirudishiwa daftari hata kama hesabu zote alizipata. Nililia mara moja kwa ajili hiyo, baada ya hapo sikusahau tena. Katika blogu hii naweza kusahau mada, naweza kusahau hata nilichotaka kusema, lakini juu ya ukurasa mtaikuta siku.

Karatasi iliyo mbele yangu imesainiwa na mwalimu huyohuyo. Mahali pa tarehe mimi ndiye niliyemwambia apaache wazi.

Hilo ndilo ninaloliungama leo. Majina nimeyabadilisha, langu tu ndilo nimeliacha lilivyo, maana kosa ni langu.

Nafanya kazi kwenye tawi la kampuni moja ya bima hapa mjini, upande wa magari, kukata bima na kupokea madai. Mtu akigonga au akigongwa anakuja mezani kwangu na picha za simu, ripoti ya polisi na hasira zake. Napokea vyote vitatu. Karatasi nazituma makao makuu Dar, hasira nabaki nazo mwenyewe mpaka jibu litoke. Jibu likiwa zuri, mteja anapigiwa simu aje. Likiwa baya, tawi ndilo linaloipeleka barua kwa mkono, mteja anasaini karatasi ya kupokelea na kuandika tarehe. Kwa Nguvumali na mitaa ya jirani, mpelekaji ni mimi, kwa sababu nakaa hukuhuku.

Mwishoni mwa Juni Mzee Bakari, mume wa Mwalimu Riziki, huyo mwalimu wangu wa darasa la tatu, alikuwa anaendesha Noah yake njia ya Pangani. Ndani walikuwa watu saba, wote wa ukoo mmoja, wanakwenda Mkwaja kumzika mjomba wake. Bodaboda ikachomoka kwenye njia ya shamba bila kuangalia. Mzee akaikwepa, gari likaacha lami na kupindukia kwenye mkonge. Wenzake walivunjika mikono na mbavu, wote wakapona. Yeye alifariki hospitali siku ya pili.

Ile Noah ilikuwa na bima kubwa, na bima hiyo niliikata mimi mwenyewe. Nakumbuka siku ile kwa sababu foleni nyuma yake ilikuwa inaguna. Kwenye fomu kuna swali linalouliza gari ni la matumizi gani. Mzee Bakari alisema binafsi, halafu akaniomba nimsomee swali tena, asije akawa ameandikisha uongo kwa sababu ya masikio yake mabovu. Nikamsomea. Akasema tena binafsi. Alikuwa karani mstaafu wa bandarini, na watu waliofanya naye kazi walimwita Mzee Mizani, kwa kumtania na kwa kumheshimu.

Mwalimu Riziki akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, bila hina, bila wanja, bila manukato, gauni jeupe na mkeka wake karibu na dirisha. Fomu ya madai niliifuata mimi nyumbani wiki ya pili. Alivaa miwani, akaisoma yote, akanirudisha kwenye kosa moja la namba ya gari, akasaini. Wanawake waliokuwepo hakuna aliyeona ajabu. Naliandika hili mapema ili nisije nikajificha nyuma ya eda huko mbele.

Mwanzoni mwa Agosti jibu likaja. Makao makuu yetu wanaweza kulikalia dai mpaka mwenye gari anunue jingine, lakini safari hii walikuwa wepesi kuliko tulivyozoea. Kurasa mbili tu. Dai limekataliwa, kwa sababu marehemu alikuwa akibeba abiria kwa malipo katika gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi. Chini kabisa, kwa herufi zile ndogo, kulikuwa na maneno ambayo yamo katika barua zote za aina hiyo: mdai ana siku sitini tangu tarehe ya barua kupinga kwa maandishi, na asipopinga itahesabika kwamba amekubaliana na uamuzi pamoja na sababu zake.

Pamoja na sababu zake. Nimezipeleka barua zenye maneno hayo kwa watu wengi sana, na sikuwahi kusimama kuyafikiri.

Nilifungua ripoti ya ukaguzi kwenye mfumo, nikajua papo hapo walipokosea. Mkaguzi wa madai aliyetumwa kutoka Dar alikwenda wodini, akamkuta Bi Mwanaidi, dada yake marehemu, mkono uko kwenye plasta. Akamuuliza kila mmoja alitoa shilingi ngapi kupanda gari lile. Bi Mwanaidi akasema elfu kumi kumi. Mkaguzi akaandika nauli, akamshukuru, akaenda zake.

Mtu yeyote wa huku angemweleza. Msiba ukiwa wa mbali, mwenye gari anatoa gari na wengine wanachanga mafuta. Huwezi kupanda gari la ndugu kwenda kuzika ukakaa mikono mitupu, utasemwa mpaka siku ya arobaini. Na mwenye gari hata kama anazo, atapokea, kwa sababu akikataa anakuwa kama amekutoa kwenye msiba. Mimi mwenyewe nimechanga mafuta ya kwenda kuzika Muheza, Pongwe, Pangani, na hakuna hata siku moja niliyojiona abiria. Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali la ofisini akajibiwa jibu la msibani.

Ingetosha barua moja ya Mwalimu ya kupinga, maneno mawili matatu ya imamu wa msikiti wao, na zile meseji za kundi la ukoo la WhatsApp ambako Bi Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyekuwa anawahimiza watu wachange mafuta. Nimeona madai yakigeuzwa kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Ndiyo maana moyo hautulii. Barua ile haikuwa ya kumaliza mambo, ilikuwa ya kuanzia mazungumzo, na muda wa mazungumzo nilikuwa nao mimi kwenye mkoba.

Nilipofika nyumbani siku ile nilimwonyesha mama bahasha. Sikumwambia kilichomo, nilimwambia tu ni barua mbaya ya Mwalimu Riziki. Mama akaitazama kama mtu anayetazama mdudu.

"Mwache mwenzio amalize eda yake," alisema. "Mambo ya dunia hayo, yatamngoja."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo, na nilijua mama ndiye atakayeniambia.

Ijumaa ya wiki ile nilikwenda kumtazama. Aliniuliza habari za watoto, habari za mama, habari za miguu ya mama. Akanikatia mkate wa kumimina. Kisha akauliza kama mtu asiye na haraka, "Watu wako wa Dar washasema kitu, Saumu?"

"Bado, Mwalimu. Wanashughulikia."

Barua ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa mapajani mwangu.

Septemba nikaenda tena. Nilimpelekea samaki wa kukaanga na ndimu, akacheka kwamba nimekuja kumnenepesha mtu ambaye hana pa kukimbilia. Siku hiyo hakuuliza habari za Dar. Alisema katika darasa letu lote ni mimi tu ninayekumbuka kuja, wengine wanapita nje wakipiga honi. Akaniombea dua pale pale, kwa sauti, mbele ya shoga zake wawili. Nikaitikia amina. Nilitoka pale nimejaa furaha, na leo nikiikumbuka furaha ile naona haya mpaka masikio yanapata moto.

Maana ukweli ndio huo. Kumhurumia nilimhurumia. Lakini pia nilipenda kuwa yule mtoto mzuri anayekuja na samaki. Barua ingenigeuza kuwa mtu wa bima, na mtu wa bima hakatiwi mkate.

Ofisini nako kulikuwa na orodha. Kila Ijumaa meneja wetu, Bwana Mhina, anataka kujua barua zipi hazijakabidhiwa, na jina linalorudi wiki mbili mfululizo linamkera. Kwa hiyo Agosti hiyohiyo niliingia kwenye mfumo, mbele ya jina la Mwalimu Riziki nikabonyeza "imekabidhiwa". Jina likatoweka kwenye orodha. Nilijiambia ni suala la siku chache tu, nitaipeleka kabla karatasi ya kupokelea haijaulizwa.

Siku ya sitini iliangukia mwanzoni mwa Oktoba. Sikuisahau. Ningependa kuandika kwamba niliisahau. Niliamka nayo, nikakata bima za pikipiki mchana kutwa nikiwa nayo, na jioni nikaenda moja kwa moja kutoka kazini na bahasha mkononi, si mkobani. Nilifika nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Walikuwa wanamsomea marehemu hitima. Mwalimu aliponiona alisogea akanipa nafasi pembeni yake kwenye mkeka, mtu mmoja akanipa juzuu. Bahasha nikaikalia.

Nikasoma nao mpaka mwisho. Nikala nao. Nikarudi nayo.

Baada ya siku ile hapakuwa tena na sababu ya kukimbia wala ya kuchelewa. Nikaacha kwenda. Nilisema nina kazi nyingi.

Mwalimu alitoka eda Jumatano iliyopita. Alhamisi asubuhi Bwana Mhina akanisimamisha karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Wakaguzi wa ndani wanakuja wiki ijayo, wanataka kila barua ya kukataa iwe na karatasi yake ya mapokezi.

"Ya yule mama wa Noah siioni kwenye faili," alisema.

"Ipo, bosi. Nitaileta Jumatatu."

Akanitazama. Bwana Mhina si mjinga, na miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hajawahi kunipandishia sauti. Alijaza kikombe chake taratibu, kisha akasema, "Wewe mpelekee asaini tu. Tarehe unaijua." Akaenda zake.

Hakusema tarehe ipi. Hakuhitaji.

Jana nikaenda.

Nyumba ilikuwa inanukia udi mpaka nje. Mwalimu alikuwa amevaa dera la maua, hina mbichi kwenye vidole, na amekonda kidogo. Aliniona akafurahi kweli. Nilitoa shikamoo, akaitikia, akanitazama juu mpaka chini.

"Umenenepa, au ni hilo gauni?"

"Ni gauni, Mwalimu."

"Mie sijasema kitu."

Nikaketi. Nikatoa bahasha kabla sijapata muda wa kuogopa. Alivaa miwani akaifungua kwa kisu cha mezani, bila kuichana, kama anavyofanya siku zote. Akaisoma kidole kikiwa chini ya mstari. Hivyo ndivyo alivyotufundisha kusoma sisi. Nilikuwa na miaka tisa, nilikuwa nasoma kwa kukariri picha, na yeye ndiye aliyenikalisha mapumziko baada ya mapumziko mpaka kidole changu na macho yangu vikapatana. Nilikaa namwangalia, nikawaza kwamba mtu huyu ndiye aliyenipa kusoma, na mimi nimemnyima barua yake mwenyewe.

Alimaliza. Akarudi ukurasa wa kwanza, juu kulia.

"Hii ya Agosti."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe umeipata lini?"

"Agosti hiyohiyo."

Akavua miwani. "Agosti ulikuja hapa. Mie nikakuuliza, ukasema wanashughulikia."

Akaiweka miwani juu ya bahasha.

"Na siku ya hitima?"

"Nilikuwa nayo. Sikutaka kukusumbua ndani ya eda, Mwalimu. Nilidhani nakustahi."

"Mie nilikatazwa kutoka na kujipamba, Saumu," alisema, bila ukali wowote. "Sikukatazwa kusoma."

Kisha akavaa miwani tena akaenda kwenye herufi ndogo. Nilijua anakwenda huko. Alizisoma kwa sauti, polepole, kama imla, na alipofika kwenye pamoja na sababu zake akasimama.

"Basi mie washaniandika nimekubali."

"Ndivyo wanavyohesabu."

"Nimekubali kuwa Bakari alikuwa akiwatoza nauli watu wa msibani. Dada yake. Watoto wa mjomba wake. Wanakwenda kuzika, naye anawatoza." Aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile. "Ungekuja kuniambia gari limeoza huko gereji Pongwe, ningesema alhamdulillahi, ni bati. Lakini mwanangu, yule mtu alikuwa hali hata ndizi ya shamba la jirani iliyoangukia kwake. Wewe unamjua. Si ulimsomea fomu mara mbili? Alirudi hapa akinicheka kwamba mwanafunzi wangu ana subira kuliko mie."

Nilitaka kulia, nikaona nikilia yeye ndiye atakayelazimika kunibembeleza, na hilo lingekuwa wizi wa pili. Nikajizuia.

Nikamweleza ilivyokuwa, swali la mkaguzi na jibu la Bi Mwanaidi. Nikamweleza kwamba ingewezekana kupinga. Nilisema ingewezekana, na yeye alilisikia lile "inge" vizuri kuliko maneno mengine yote.

Halafu ikafika zamu ya karatasi ya mapokezi. Aliisoma nayo. Akachukua kalamu, akasaini jina lote, herufi za mwalimu, zilizolala upande mmoja. Kalamu ikasogea kwenye kisanduku cha tarehe, ikasimama.

"Niandike tarehe gani? Wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi yenu."

Aliniuliza kwa nia safi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo jana sikuweza kulala nayo wala leo siwezi kukaa nayo. Baada ya yote yale bado aliniuliza mimi.

Nikasema, "Paache tu, Mwalimu. Nitajaza mwenyewe."

Alinitazama. Alinitazama kiasi cha mtu kusoma mstari mmoja mrefu. Kisha akaifunika kalamu, akanisogezea karatasi.

"Haya, mwanangu."

Nikaaga. Miezi yote ya eda, kila nilipoaga, alikuwa ananiomba radhi kwamba hawezi kunisindikiza, na mimi nilikuwa namjibu tutasindikizana siku ya kutoka, mpaka kule barabarani. Jana angeweza. Hakuinuka.

Nimekuwa naiangalia karatasi hii tangu asubuhi. Kisanduku chenyewe ni kidogo, hata kucha mbili hazienei.

Nikiandika Agosti, kila kitu kinanyooka. Mfumo unasema Agosti, karatasi itasema Agosti, wakaguzi watakula biskuti zetu na kuondoka. Kampuni itakuwa imejibu mapema na kuikabidhi barua mapema. Mwalimu atakuwa mjane aliyeletewa barua ya kumwita mumewe mwongo, akasoma, akanyamaza. Saini yake ipo. Hakuna atakayejua isipokuwa yeye, na yeye si mtu wa kusimama mtaani kunitangaza.

Nikiandika ya jana, barua inakuwa imemfikia Mwalimu muda wake wa kuijibu ukiwa umekwisha kitambo, na hilo haliwezi kuwa kosa lake. Atakuwa na pa kusimama kudai siku zake sitini zihesabiwe tangu jana. Watamkubalia? Sijui. Kuna watu Dar ambao wataushika mstari wa "tangu tarehe ya barua" mpaka uwakatikie mkononi. Kazi yangu itabaki? Hilo nalo sijui, ingawa mtu aliyebonyeza imekabidhiwa wakati bahasha iko mkobani kwake hana mengi ya kujitetea.

Nimejaribu kujidanganya asubuhi nzima kwamba nafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilikuwa nasubiri, vilevile nilivyosubiri Agosti, Septemba na Oktoba, nikitumaini kitu kitatokea kiniamulie. Nguo, chai, mvua. Nimemaliza hata kuchambua mchele wa kesho.

Kinachoniuma si kwamba nilichelewa. Watu huchelewa. Kinachoniuma ni kwamba nilimchagulia Mwalimu Riziki udhaifu ambao hakuwa nao. Alizika mume, akapokea watu, akasahihisha fomu yangu, akaniombea dua, yote akiwa kwenye ule mkeka. Mimi ndiye niliyekuwa sina nguvu za kuisoma barua ile mbele yake, nikaita udhaifu wangu heshima. Na jana, nilipopewa nafasi ya kusema tarehe moja tu, nikamfanyia yaleyale tena.

Nimeijaza.

Nimeandika tarehe ya jana, siku, mwezi na mwaka, kwa kalamu. Kisha nimechukua karatasi nyingine nikaandika maelezo yangu: kwamba barua niliipokea Agosti, kwamba nilikaa nayo mpaka jana, kwamba mteja hakuijua, kwamba kwenye mfumo niliingiza jambo lisilo kweli, na kwamba mafuta ya kwenda kuzika si nauli. Hilo la mwisho halikuwa lazima liwe kwenye maelezo ya mfanyakazi aliyekosea. Nimeliandika hata hivyo, nikalipa aya yake.

Nimepiga picha karatasi zote mbili nikamtumia Mwalimu kwenye simu. Chini yake nimeandika kwamba kuanzia kesho jioni niko tayari kukaa naye tuandike barua ya kupinga, akitaka, na asipotaka kuandika na mimi, namjua mtu mwingine mwaminifu wa kumsaidia. Nimeandika samahani mara moja tu. Nilikuwa nimeandika tatu, nikafuta mbili.

Mvua imeanza, ile ya kweli. Nguo ziko kambani na sitainuka.

Kesho ni Jumatatu, na nitaianza mlangoni kwa Bwana Mhina kabla hajavua koti. Nitampa karatasi yenye tarehe na maelezo yangu, na nitanyamaza asome. Ninaogopa. Naliandika hilo pia, nisije kesho nikasimulia kwamba nilikuwa jasiri.

Tiki mbili zimegeuka buluu. Mwalimu amesoma. Nimemwona yuko hewani, nikasubiri aandike, akatoka. Akarudi tena, nadhani alikuwa anaikuza picha aione tarehe vizuri. Akatoka tena.

Hajajibu, na huenda asijibu leo. Safari hii kunyamaza ni kwake mwenyewe.